Mama Yako Hakuimba Peke Yake

Garissa,
Jumamosi, baada ya Alasiri.

Kwa dada yangu, abaayo Hinda,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima wa afya, wewe na shemeji Noordin na watoto, pamoja na hilo joto la Malindi ambalo hulilalamikia kana kwamba sisi huku tunavaa masweta. Mgongo wako unaendeleaje? Na yule mdogo aliyekuwa akiumwa masikio, amepona? Huku kwetu mvua bado, maziwa ya ngamia yamepungua sokoni, na vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Sisi ni wazima, alhamdulillahi, isipokuwa mmoja, na habari zake zitafika kwa zamu yake. Nakuomba usirukeruke mistari kumtafuta.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali chako, usinune, kimekwisha kuliwa na chumvi ya bahari. Mara ya mwisho uliponisalimia kwa lugha yetu nilicheka mpaka nikakata simu. Na naandika kwa karatasi kwa sababu simu umenifungia. Nilijaribu kupiga, nikajaribu tena kwa laini ya jirani, mwishowe nikaelewa. Ningependa kusema sikulaumu, lakini huo utakuwa uongo, na mimi nikisema uongo kope hunicheza. Nakulaumu kidogo. Ukimaliza kusoma utaniambia kama nina haki.

Watu hapa wakiniuliza Hinda ni nani, nawaambia ni dada yangu, baba mmoja, kila mmoja na mama yake. Hilo halijawahi kunipa taabu. Wewe ndiye uliyekuwa na taabu nalo. Siku nilipokupata baada ya miaka yote ile, nikiomba msaada wa kazi, uliniambia waziwazi kwamba tutaongea mambo ya muziki tu, na kwamba nikimtaja mama yangu Kaaha tutakuwa tumemalizana. Nikakubali. Nilikuwa na shida, wallahi. Mwalimu mkuu alikuwa amenitwika somo la sanaa kwa kuwa wenzangu wote walilikimbia, na mimi najua muziki kama mbuzi anavyojua kusoma.

Ukanifundisha, na ulinifundisha vizuri, Mungu akulipe. Uliniambia muziki una msuko, kama mkeka, na kwamba swali la kwanza ni kujua sauti ngapi zimepita humo na zimepitaje. Ukanipa aina nne nikaziandika ubaoni. Sauti moja tupu, hata kama wanaoimba ni mia, maadamu wote wanafuata njia moja. Kisha wimbo mmoja ambao kila mtu anaupamba kivyake, kama kina mama zetu harusini, huyu akivuta, yule akikatiza, lakini wimbo ni uleule. Kisha sauti kuu inayotangulia na nyingine zikiisindikiza chini yake, kama mwimbaji na mpiga udi. Na mwisho ile ngumu, nyimbo mbili zinazokwenda kwa wakati mmoja, kila mmoja ukiwa na njia yake, wala hakuna ulio bwana wa mwenzake. Nilipouliza darasani nyimbo hizo mbili zinakwendaje, watoto wakaitikia kwa sauti kubwa, “Bamoja, mwalimu!” Unajua sisi Wasomali, herufi p hutugeukia b. Mzazi mmoja alikuja kuuliza kama tumeanza kuwafundisha watoto ngoma. Nikamwonyesha daftari la mwanawe, likiwa na michoro ya mikeka, akaondoka ameridhika.

Ile ya nne ndiyo iliyonishinda. Uliniambia nitafute mfano wa hapa nyumbani ili watoto waelewe, nami nikakujibu kwamba huku hatuna, sisi ni watu wa sauti moja, labda na makofi. Ukakubaliana nami. Hapo, abaayo, tulikosea sote wawili, mwanafunzi na mwalimu wake. Lakini kosa lako lilikuwa zuri kuliko langu, kwa sababu ulilituma kwa simu.

Unakumbuka? Kwa mfano wa sauti moja tupu ulinitumia sauti ya marehemu mama yako, Shurie, Mungu amrehemu. Uliniambia ulimrekodi akiwa mgonjwa, akiimba ule wimbo aliokuwa akikubembelezea tangu utoto. Ulisema hakuna mfano bora wa sauti moja kuliko mwanamke aliyeachwa akiimba peke yake. Na ukanitahadharisha nisijali zile sehemu anazonyamaza katikati, kwamba ni pumzi tu iliyokuwa ikimkatikia kwa ajili ya pumu. Nilisikiliza, nikalia kidogo, nikaihifadhi.

Sasa nitamtaja mama yangu. Umeshaninyamazisha kwenye simu, kwenye karatasi huniwezi.

Hooyo nilimchukua kutoka Tarbaj pale miguu yake ilipoanza kumsumbua, akaja kukaa nami hapa mjini na mikeka yake ya nyumba, maana alikataa kuiacha. Kabla ya kuugua sana aliniambia kwamba ana amana ya Shurie, na kwamba lazima apewe mtoto wa Shurie, mkononi mwake mwenyewe, kabla hajaingia kaburini. Nikamuuliza ni kitu gani. Akasema si kitu cha kuniambia mimi, ni cha kumwambia Hinda. Kaka yetu Abshir alidhani ni bangili za dhahabu, akapekua hadi mito. Nilipokueleza ulinijibu kwa ukali, na maneno yako nayakumbuka yalivyo. Ulisema hutaki chochote kutoka kwa mwanamke aliyeimba siku mama yako anafukuzwa. Ulisema ulikuwa mdogo lakini hujasahau, kwamba ulikuwa juu ya ngamia, mama yako analia upande huu, na mama yangu anaimba upande ule. Na mimi nilikuwa mdogo siku hiyo, na nilichokumbuka kilikuwa hichohicho, hooyo akiimba. Niliona haya kwa ajili yake.

Baadaye kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukafa, mdomo ukapinda, na maneno yote yakamtoka. Mama yangu, Hinda, ambaye Tarbaj nzima ilimjua kwa ulimi wake, alibaki kutoa sauti kama anayejisafisha koo. Alikuwa akiniangalia, anafungua mdomo, neno haliji, kisha machozi. Nilijua anachotaka. Ni ile amana. Ikawa imefungiwa ndani yake na ufunguo umepotea. Ndipo nikakupigia nikakuomba, nikakusihi, nikalia, uje tu akuone. Hiyo ndiyo siku uliyonifungia simu.

Basi mchana mmoja nilikuwa naandaa somo. Hooyo alikuwa ameketi juu ya mkeka ameegemea ukuta. Nikaiweka ile sauti ya mama yako kwenye simu, nisikilize tena kabla ya kuwapelekea watoto. Aliposikia, hooyo aligeuza uso kuelekea mlangoni, haraka, kama mtu aliyeitwa na mgeni aliye nje. Alimjua. Kisha akafungua mdomo akaimba.

Akaimba, abaayo! Huyo asiyeweza kuomba maji. Maneno yalitoka mazima, moja baada ya jingine. Daktari aliniambia baadaye kwamba hutokea hivyo, mtu huweza kupoteza kusema akabaki na kuimba. Lakini mimi wakati ule sikuwa na akili ya daktari. Halafu, nisamehe, nikakasirika. Alikuwa akiimba wimbo mwingine kabisa! Mama yako anakwenda juu, kasi, yeye anakwenda chini, polepole. Mama yako hajamaliza mstari, yeye ameshauanza wake. Nikamshika bega nikamwambia hooyo, siyo huo, mfuate Shurie, imba pamoja naye. Akanisukuma kwa mkono wake mzima na akaupiga mkeka kwa hasira. Nikasimamisha simu. Akaashiria niirudishe. Nikairudisha.

Mara hii sikumgusa. Na mama yako alipofika pale anaponyamaza, pale tulipopaita pumu, sauti ya hooyo ilipanda ikasimama palepale, ikatosha sawasawa, ikashuka mama yako alipoanza tena. Na pale hooyo alipovuta pumzi, mama yako alikuwa juu. Mara ya kwanza, mara ya pili, kila mahali. Hakuna nafasi iliyobaki wazi na hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Ule mfano wa nne niliokuambia huku kwetu haupo ulikuwa umeketi juu ya mkeka wangu, nusu yake imepooza, nusu yake ndani ya simu.

Nilimwita habaryar Samsam, dada mdogo wa hooyo, anayekaa nyumba ya pili. Alisikiliza mwanzo tu, akajifunika uso kwa shungi lake. Nilingoja mpaka alipomaliza kulia. Akanieleza kwamba ule ni wimbo wa kupakia, na kwamba siku hizi umepotea kwa sababu watu wanahama kwa lori. Zamani kambi ikihama, wanawake ndio walioibomoa nyumba na kumpakia ngamia mikeka na miti yake. Mzigo huwa mrefu kuliko mtu. Mmoja husimama kulia, mwingine kushoto, hawaonani, na kamba inarushwa juu inakwenda na kurudi. Wakivuta kwa nyakati tofauti mzigo unaanguka, na ngamia anainuka na hasira zake. Kwa hiyo kila mmoja huimba wimbo wa upande wake ili mwenzake ajue mkono wake umefika wapi. Hawaimbi wimbo mmoja, maana hawafanyi kazi moja, huyu anarusha, yule anafunga. Samsam alisema kulikuwa na wanawake wengi waliojua kupakia, lakini kambi zilizopita njiani zilikuwa zikisimama kuwasikiliza Kaaha na Shurie.

Sasa kaa chini, Hinda. Mwambie Noordin akushikie mtoto.

Samsam alikuwepo asubuhi ile. Baba yetu, Aabo Warsame, alikuwa amegombana na wajomba zako juu ya kisima, na kwa hasira za kuwakomoa wao akamtamkia mama yako talaka. Baadaye alijuta mpaka akafa, ila hilo halikumsaidia mtu. Wajomba walikuja kumchukua dada yao wampeleke Hulugho. Wakaketi huku na Aabo akaketi kule, wamenuniana, na mke hana ruhusa ya kusema neno mbele ya wanaume waliokaa hivyo. Ngamia wa mama yako alikuwa hajapakiwa. Hakuna mwanamke aliyetaka kumkaribia, wakiogopa kuonekana wamechukua upande. Mama yangu ndiye aliyeinuka akaenda kushika upande wa pili.

Na huwezi kupakia bila kuimba. Ndiyo, aliimba. Mama yako naye aliimba, Hinda. Hakuwa akilia tu. Wewe ulikuwa umeketishwa juu ya mzigo wakati kamba za mwisho zikikazwa, na uso uliokuwa ukiuona ni wa mama yako, umelowa machozi, basi ukakumbuka machozi ya upande mmoja na sauti ya upande mwingine. Ulikuwa mtoto, na sikio la mtoto hushika moja. Lakini nafikiria jambo hili kila siku, kwamba katika kambi nzima ni wewe peke yako uliyekaa juu ya nyimbo zote mbili.

Wanaume walisikia nini? Kelele za wanawake wanaopakia. Nyimbo mbili zikienda pamoja, aliye mbali hapati maneno ya wowote, zinamezana. Maneno wanayapata wale wawili tu. Samsam alisema maneno ya kawaida ya wimbo huo ni ya kamba na mafundo, na yale aliyokuwa akiimba hooyo pale kwenye mkeka wangu hakuwahi kuyasikia. Hata asubuhi ile, akiwa hatua chache tu, hakuyapata. Tuliyaandika pamoja, tukizima simu na kuiwasha, na ninakutafsiria kadiri ninavyoweza.

Wa mama yako unaujua. Anasema: ngamia amekunja magoti, mzigo umenizidi kimo, simwoni aliye ng'ambo, kamba ninairusha na sijui inaangukia mkono wa nani. Ulinieleza kwamba ulikua ukidhani ni wimbo wa mwanamke asiye na mtu duniani.

Na huu ndio wa mama yangu: imeangukia mkononi mwangu, vuta. Neno lile halikutoka kinywani mwangu, nilimsihi aliyelisema hakunisikia, vuta. Popote utakapofunga mzigo, acha nafasi yangu katika wimbo, nami yako sitaijaza, vuta. Na mtoto akikua mwambie alikuwa na mama mwingine, upande wa pili wa ngamia.

Hiyo ndiyo amana. Si bangili.

Kwa hiyo si pumu, abaayo. Au tuseme pumu ilikuwepo, lakini haikukata chochote. Umeniambia mwenyewe kwamba wimbo huo aliuimba hivyohivyo tangu u mdogo, kabla hajaugua, Hulugho na kisha Malindi, na nyinyi mkizoea kwamba mama akifika hapo hunyamaza. Alikuwa akiacha nafasi, kama alivyoombwa, kwa mtu asiyemwona na aliyejua kwamba hatamwona tena. Kwa nini hakukwambia, sijui. Pengine aliona haya kumtaja mke mwenza mbele ya mume mpya. Pengine alingoja ukue, kisha ukakua ukiwa na hasira tayari. Usimwekee kinyongo. Alikuimbia kila siku, na alifanya alilolijua.

Nilirekodi wote wawili pamoja, mama yako ndani ya simu na mama yangu juu yake, nikakutumia. Haikufika, umenifungia. Nikaanza barua. Nikafikiri nina wakati.

Kila siku baada ya chakula hooyo alikuwa akiitazama simu, nami namwekea Shurie, wanaimba. Uso wake ulikuwa unanyooka, wallahi, mpaka ule mdomo uliopinda. Ijumaa iliyopita umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na simu yangu ilikuwa imezimika. Nilimwonyesha kioo cheusi. Akaelewa. Akaanza kuimba upande wake peke yake, taratibu, na alipofika pale pa Shurie akanyamaza, akangoja. Niliona macho yake yakinigeukia. Nikafungua mdomo. Maneno niliyajua, nimeyasikia mara ngapi! Lakini nikaufunga tena, nikaona kama naingia nyumba ya mtu bila hodi. Ile haikuwa sehemu yangu. Hooyo akangoja kadiri ya mstari, akaendelea na wake, akangoja tena, akaendelea. Alimaliza hivyo wimbo wote. Akafumba macho, nikadhani amelala. Tulimzika baada ya Alasiri. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Huyo ndiye mmoja niliyekuambia si mzima. Nisamehe nimekuchelewesha kumfikia. Ningeanza naye ungeifunga barua kama ulivyofunga simu, na yeye hakustahili kufungiwa mara ya pili.

Sikuandikii ili ulie, ingawa najua unalia, na mimi hapa karatasi imelowa mpaka nimebadilisha ukurasa. Wala sikuandikii ili useme ulikosea. Ulikuwa mtoto juu ya ngamia. Nakuandikia kwa sababu amana ilikuwa yako, na mwenye kuishika amekwenda akiwa na haraka ya kuitoa, na sasa iko kwangu. Ndani ya bahasha utakuta memori kadi, humo wamo wote wawili. Issack anayesafiri na basi la Malindi ameahidi kukukabidhi mkononi mwako, si mkononi mwa jirani. Sikiliza ukiwa peke yako kwanza. Kisha waite watoto wako, waambie hawa ni bibi zenu.

Mikeka ya hooyo nimeikunja, sijampa mtu. Darasani bado hatujafika mfano wa nne. Watoto wananiuliza, ninawaambia mwalimu wake hajafika.

Nisalimie shemeji Noordin na watoto wote, kila mtu kwa jina lake, na majirani wanaokutendea wema. Habaryar Samsam anakusalimu, anasema anakumbuka miguu yako ilivyokuwa ikining'inia juu ya mzigo. Abshir naye anakusalimu, na ana haya ya ile mito. Mungu awarehemu mama zetu awakutanishe mahali ambapo mzigo hauwazuii kuonana.

Wimbo wa upande wa hooyo nimejifunza. Nauimba nikifua, nikipika. Kila nikifika pale pa mama yako nanyamaza kidogo, kisha naendelea. Nafasi yako sijaijaza.

Ni mimi dada yako, wa upande wa pili wa ngamia,

Nimo Warsame.